Peke Yako, Geuka

Vumbi la uwanja ule halikuwa na haraka. Liliamka mchezaji wa kwanza alipokanyaga, likapanda hadi magotini, likatulia hapo kungoja wengine. Kufikia saa kumi na nusu lilikuwa limefika vifuani, jekundu, lenye ladha ya kutu, na aliyekaa jukwaani aliona vichwa ishirini na viwili vikikimbizana bila miili. Mtunza uwanja alilimwagia maji tangu asubuhi kwa kopo alilolitoboa matundu. Lilikunywa, likanyamaza kidogo, likarudi.

Ewe vumbi, wewe ulikuwepo. Ulikuwepo puani mwa mchezaji mmoja na ndani ya soksi zake, kwenye taulo lake na kwenye shuka za mkewe, na jioni uliingia naye bafuni ukatoka ukiwa tope. Siku ile ulikuwepo pia. Ndiyo maana naanza na wewe.

Alicheza miaka kumi na saba katika ligi ya chini, ile ambayo matokeo yake husomwa redioni baada ya hali ya hewa, msomaji akiwa ameshaanza kukusanya karatasi zake. Alicheza katikati. Mtangazaji wa mechi alimtaja mfungaji, akamtaja kipa, na mara moja akamtaja mbwa aliyekatiza uwanja kipindi cha pili, tena kwa shangwe. Yeye hakumtaja. Mpira ulifika kwake, ukatoka kwake, na kati ya kufika na kutoka mtangazaji alivuta pumzi.

Walimwita Kiungo, kwa kazi yake, mpaka mama mkwe akasahau jina alilotajiwa siku ya harusi. Kiungo ni kile kilicho kati ya mfupa na mfupa, ambacho hukikumbuki mpaka siku kinapouma. Kiungo pia ni kile kinachotiwa mchuzini kikaliwa bila kuonekana. Yeye jambo hilo halikumsumbua. Lilimsumbua mkewe, aliyekaa jukwaani na redio ndogo sikioni, akingoja, na mechi ikiisha aliizima kwa kidole kama anayebonyeza mdudu.

Ungemwuliza anafanya kazi gani, angekujibu, "Nacheza mpira." Lakini miguu yake ilikuwa miguu ya kawaida tu, na yeye mwenyewe alilijua hilo. Kazi yake hasa ilikuwa sauti.

Mchezaji anayepokea mpira akiwa ameupa mgongo uwanja hana macho kisogoni. Anahitaji macho ya mwenzake, na macho hayo humjia kwa njia ya sikio. Maneno yenyewe ni mawili. Mtu! Maana yake kuna adui nyuma yako anakuja, usigeuke, rudisha mpira ulikotoka. Peke yako! Maana yake nyuma yako hakuna kitu, geuka, uwanja ni wako.

Hebu lifikirie hilo, wewe unayesoma. Nje ya mistari ya chokaa, mtu ni jambo jema na peke yako ni msiba. Mwambie mgonjwa kuna mtu mlangoni, atainua kichwa. Mwambie mjane uko peke yako, utakuwa umemmaliza. Ndani ya mistari maneno yale yamebadilishana viatu: mtu ni hatari, na upweke ni zawadi unayompa mwenzako kwa sauti kubwa. Kiungo aligawa zawadi hiyo miaka kumi na mitatu bila kukosea. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akatazama nyuma ya mwenzake, ndipo akafungua mdomo.

Na hakuna aliyeipokea kama Shoto.

Shoto alikuwa beki wa kushoto, mwembamba, mwenye vicheko vya karibu. Alikuja kula kwa Kiungo Jumapili moja. Akaja ya pili. Jumapili ya tatu Kiungo akatambua kwamba mgeni hakuwa wake, alikuwa wa dada yake mdogo, aliyeanza ghafla kupiga pasi nguo za kushindia nyumbani. Wakaoana. Tangu hapo wawili wale hawakuitana kwa majina ya uwanjani. Ilikuwa shemeji huku na shemeji kule, hata kwenye kona, hata mwamuzi akicheka.

Shoto alikuwa akipokea mpira kama aliyefumba macho. Hakugeuza shingo kamwe. Kocha alimgombeza, "Wewe, tazama nyuma!" naye akajibu, "Nimeshatazamiwa." Sauti ikisema mtu, alirudisha. Sauti ikisema peke yako, aligeuka kabla neno halijaisha, kwenye ile silabi ya pili, akaondoka na mstari wake na vumbi likimfuata. Kulikuwa na raha kuwaona. Mimi nasema hivyo bila aibu, kulikuwa na raha kweli.

Mtu, rudisha. Peke yako, geuka. Mtu, rudisha. Peke yako, geuka.

Siku ile ilikuwa dakika ya themanini na moja. Walikuwa wanaongoza kwa bao moja, na kwenye mstari wa pembeni msaidizi wa mwamuzi alikuwa akiinua kibao cha kubadilisha wachezaji. Kiungo alikuwa na miaka thelathini na moja. Miezi miwili mfululizo kibao kile kilikuwa kikiinuliwa na namba yake, na kila kilipoinuliwa alihisi mkono umemshika shingoni. Kwa hiyo alikitazama. Alitaka kujua kama ni namba yake, basi. Jua lilikipiga kile kibao, namba haikusomeka, akakaza macho. Na hapo hapo, kwa pembe ya sikio, akasikia mpira unamfikia Shoto.

"Peke yako!" akasema.

Alisema kama mtu anavyojibu nzuri anapoulizwa habari. Alisema kwa mazoea. Hakuwa ametazama.

Shoto akageuka kwenye silabi ya pili. Namba saba wa wale wengine alikuwa anakuja mbio, miguu mbele, akiteleza. Mfupa ukalia. Waliokuwa jukwaani walidhani ni benchi limevunjika, wakatazamana. Kisha vumbi likapanda likawafunika wote wawili, na kwa muda ambao Kiungo hakuweza kuupima baadaye, hakukuwa na mguu wala mtu wala mpira, kulikuwa na vumbi tu. Alitamani likae hapo hapo. Likatulia.

Kibao kile hakikuwa na namba yake. Ilikuwa ya mshambuliaji.

Namba saba akaoneshwa kadi nyekundu, akatoka analia, maskini, maana hakukusudia. Mji mzima ukamlaani namba saba. Hakuna aliyeuliza nani alisema nini. Sauti haiachi alama chini.

Wodini, siku ya tatu, Shoto alikuwa amelala na mguu umening'inizwa kwa kamba na jiwe la uzito, uso umemshuka. Kiungo alikuwa amekuja kusema. Njiani alikuwa amelipanga kila neno, akalirudia mpaka muuza magazeti akamtazama. Akavuta kigoda, akakaa, akasafisha koo. Shoto akamtangulia.

"Nisamehe, shemeji."

"Nikusamehe nini?"

"Nimekuangusha. Wewe uliniambia mtu, mimi nikasikia peke yako. Sijui masikio yangu yalikuwa wapi. Kelele zile, bwana."

Mtu ni neno la pumzi moja. Peke yako ni mwendo mzima, hatua nne. Hayafanani hata kwa mlevi. Lakini Shoto alikuwa amelala siku tatu akipima mambo mawili, ama shemeji yake amekosea, ama masikio yake yamekosea, na akaona ni rahisi zaidi kuyatilia shaka masikio.

Kiungo akafungua mdomo. Muuguzi akaingia akisukuma kitoroli cha dawa, magurudumu yakilia, akamwomba asogee kidogo. Akasogea. Muuguzi alipotoka, mdomo ulikuwa umeshafungwa.

"Pumzika, shemeji," akasema.

Maneno mawili, hayo nayo.

Mguu uliungana vibaya. Ukawa mfupi kwa vidole viwili. Shoto akajifunza kushona viatu, kazi ya kukaa, akapata kibanda nyuma ya uwanja, kati ya fundi cherehani na ukuta. Wachezaji wote walimpelekea njumu zao, viatu vile vya mpira vyenye meno. Alishona kwa uzi uliopitishwa kwenye nta na sindano nene, akigonga soli kwa nyundo ndogo huku mguu mbovu umenyooshwa juu ya kopo la gundi. Alikuwa fundi mzuri. Alikuwa hana kinyongo. Hilo ndilo Kiungo hakuweza kulimeza.

Na masikio yake. Shoto hakuyaamini tena. Mkewe akisema chai tayari, yeye aliweka kiganja sikioni, "Umesemaje?" Binti zake wawili wakazoea kupaza sauti, halafu wakazoea kumtania, wakimwita babu. Mteja akisema kesho, alimwomba arudie. Hospitali walimtazama masikio kwa taa wakamwambia ni mazima, naye akawashukuru na asiwaamini. Jumapili, mezani kwa Shoto, wote walicheka. Umesemaje? Umesemaje? Kiungo naye alikuwepo mezani, na alicheka.

Uwanjani, lile neno la pili lilimtoka Kiungo likaenda zake. Hakuweza kulisema tena. Alitazama kushoto, kulia, nyuma, akaona uwanja mtupu, hata mjusi hayupo, akafungua mdomo, na kilichotoka kikawa mtu. Mtu! Mtu! Mtu! Wenzake wakarudisha mpira, wakarudisha, wakarudisha mpaka kwa kipa, na kipa akaupiga nje kwa hasira. "Mtu yuko wapi?" wakamfokea. Yeye mwenyewe alipopokea, hakugeuka. Aliurudisha ulikotoka kama barua isiyo na anwani.

Mashabiki, ambao hawana huruma ila wana masikio, wakampa jina jipya. Bwana Mtu. Akigusa mpira, jukwaa zima, "Mtuuu!" Mkewe akaacha kuja na redio. Baadaye akaacha kuja.

Timu ikamwachia. Akaenda timu ya chini yake, halafu ya chini ya hiyo, mpaka akaishia kwenye ile ambayo wachezaji wanabadilishia nguo stoo, kati ya majembe na mifuko ya chokaa. Uwanja ulikuwa ule ule, vumbi ni lile lile, ligi tu ndiyo imeshuka. Miaka minne.

Basi siku moja asubuhi alipeleka njumu zake kwa Shoto, soli imeachia. Shoto aliigeuza ile ya kulia juu chini, akapitisha kidole ukingoni polepole.

"Shemeji, wewe hugeuki siku hizi."

"Nani kakuambia?"

"Kiatu. Tazama hapa, chini ya dole gumba. Mchezaji anayegeuka hula soli hapa mpaka uzi unatokeza. Kwako pamekaa kama pametoka dukani. Kisigino ndicho kimekwisha." Akacheka kile kicheko chake cha karibu. "Unarudi nyuma tu, bwana. Unamwogopa nani?"

Fundi cherehani wa jirani alikuwa akikanyaga mashine yake. Kiungo alitazama vidole vya Shoto, vyeusi kwa nta, vikipapasa mahali ambapo hapakulika. Alikuwa ameificha dunia nzima siri yake, na kiatu kimemtaja.

"Siku ile sikukuambia mtu," akasema. "Nilikuambia peke yako. Na sikuwa nimetazama."

Shoto akaweka kiganja sikioni, kwa mazoea.

"Umesemaje?"

Ikabidi aliseme tena. Alisema kwa sauti kubwa, sauti ile ya kazi, ya kuvuka uwanja. Cherehani ya jirani ikasimama.

 Shoto aliinama, akamaliza mishono iliyobaki, saba au minane, akivuta kila mmoja hadi mwisho. Akakata uzi kwa meno. Akavipanga viatu mezani, kimoja kando ya kingine, vidole vikimtazama mwenyewe.

"Kumbe nilisikia," akasema, lakini hakuwa anamwambia shemeji yake. "Kumbe nilisikia vizuri." Halafu, "Wanangu wananipigia kelele kama mzee wa miaka tisini."

Kiungo akasema nisamehe. Akasema mara tatu.

"Viatu viko tayari," Shoto akasema.

Kesho yake dada yake, mke wa Shoto, alikuja. Hakuingia. Alisimama mlangoni, mtandio begani, mkono kwenye fremu, na mke wa Kiungo alipomkaribisha akatikisa kichwa.

"Kaka, mguu ningekusamehe," akasema. "Mguu ni mpira. Lakini ulikaa mezani kwangu kila Jumapili ukamsikia mume wangu akisema umesemaje. Ukacheka na sisi. Ukaomba chumvi."

Akaondoka. Jumapili iliyofuata Kiungo alivaa shati la kutokea, akakaa kitandani nalo mpaka jioni, akalivua.

Mke wake alikunja lile shati bila kumwuliza. "Afadhali umesema," alimwambia. Hakumkaribia.

Msimu ukaisha. Kocha wake wa mwisho, kijana aliyezaliwa Kiungo akiwa ameshaanza kubalehe, alimwita kando. "Mzee, Jumamosi nitakupa dakika ishirini za kuwaaga watu." Watu wenyewe walikuwa kama sitini, pamoja na muuza karanga.

Akaingia dakika ya sabini. Mikono michache ikapiga makofi, sauti mbili zikaita "Mtuuu!" bila nguvu. Alizungusha shingo, akameza vumbi, na upande wa kamba ya kuzuia watazamaji, karibu na bendera ya kona, akamwona. Amesimama na aproni yake ya kazi, uzito wote juu ya mguu mzima. Wiki sita hawakuwa wamesalimiana.

Kipa akampigia mpira. Ulimjia kifuani, akautuliza, mgongo wake ukiwa kwa uwanja wote, uso wake kwa goli lake mwenyewe. Mguu ulikuwa umeshajikunja kuurudisha.

"Peke yako!"

Sauti ile ilitoka upande wa kamba. Aliijua kama anavyojua komeo la mlango wake. Haikusema shemeji. Ilisema peke yako, hatua nne, wazi, kila moja mahali pake.

Na kama kuna mtu? Alijiuliza hilo, sitaficha. Kama nyuma yake alikuwepo mmoja anakuja mbio, miguu mbele, na yule aliyesimama kwenye kamba anamwona vizuri kabisa? Angekuwa na haki. Mguu kwa mguu, sauti kwa sauti. Kiungo alihisi goti lake la kulia, zima, la miaka thelathini na tano, akaliaga.

Akageuka.

Hapakuwa na mtu. Hatua arobaini za uwanja zilikuwa mbele yake, tupu, vumbi limelala. Shoto alikuwa ametazama. Pamoja na hasira yote aliyokuwa nayo, alitazama kushoto na kulia na nyuma, kama inavyopaswa, ndipo akasema.

Kiungo alikwenda na mpira ule hatua zote arobaini, akilia, jasho likimsaidia kuficha. Akampa winga, winga akapiga krosi, kipa wa wenzao akaudaka kama anachuma embe. Haikuwa kitu. Mtangazaji, kama angekuwepo, angevuta pumzi.

Alipogeuza uso kwenye kamba, Shoto alikuwa ameshaondoka. Alikuwa ametoka kwenye upenyo wa ukuta, anaelekea barabarani, ameupa uwanja mgongo. Mpira ulirushwa, mchezo ukaendelea, mtu akamfokea Kiungo arudi mahali pake. Hakurudi. Alitazama kushoto kwa Shoto. Alitazama kulia kwake. Alitazama njia yote iliyokuwa nyuma ya mgongo ule, kutoka upenyoni hadi hapa aliposimama yeye, na haikuwa na mtu. Akajaza kifua. Neno lililomkimbia miaka minne likaja lenyewe.

"Peke yako!" akaita. "Shemeji! Peke yako!"

Lilivuka uwanja wote, likapita ukuta. Muuza karanga aligeuka. Mbwa aligeuka. Mtunza uwanja aliyekuwa ameinamia kopo lake upande wa mbali aligeuka.

Shoto alikwenda. Hatua moja ndefu, moja fupi, na nyuma ya ule mguu mfupi, kila alipouburuta, vumbi dogo lilinyanyuka hadi kwenye kifundo, likasimama kidogo, likashuka. Masikio yake yalikuwa mazima. Kiungo alisimama katikati akilitazama lile vumbi, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho likatulia chini.